Gobori la Babu, Vipande Hamsini na Vitatu

Jumapili, 3 Agosti

Nimesema uongo. Mbele ya watu kumi na wanne, baada ya sala ya chakula. Nauandika hapa upesi, jinsi ulivyotoka, kabla sijaanza kuuamini.

Tulikuwa kwa Wainaina, baba yake Ken, kijana anayetaka kumwoa mjukuu wangu Ndanu. Ni mwendo wa dakika sita kutoka kwangu, Waithaka hii hii. Baada ya chai Wainaina alitutembeza shambani. Hapa alizaliwa baba yake. Pale, chini ya mwavokado, amelala babu yake. Kule zizi, nyuma yake nyumba za wapangaji. Kisha akanigeukia, kwa wema kabisa, akauliza wazee wangu mimi waliniachia nini.

Wazee wangu wako chini ya maji. Bonde letu huko Ukambani lilifunikwa na bwawa mwaka 1976: makaburi, maghala, njia ya kisimani, hata kisima chenyewe. Nimepanga nyumba Nairobi miaka arobaini na tisa, na kila Desemba husema mwaka ujao narudi. Ningeweza kujibu hivyo. Badala yake nikaisikia sauti yangu ikisema: gobori.

Ningeachia hapo! Nikaendelea. Bunduki ya kale, ya kupakiwa mdomoni, ya jiwe la gumegume. Babu yangu alipewa pwani baada ya kuongoza msafara wa pembe za ndovu. Iko nyumbani, nimeihifadhi.

Babu yangu aliuza mbuzi. Radi ikipiga aliingia chini ya kitanda. Tena nikipiga hesabu ya miaka sawasawa, msafara huo aliuongoza akiwa na umri wa miaka minne. Kwa bahati hakuna aliyepiga.

Mutie, binamu yangu, alikohoa. Nakijua kikohozi chake.

Jumanne, 5 Agosti

Mutie amekuja kunywa chai yangu na kunimaliza. Ni mtoto wa kaka mkubwa wa baba, kwa hiyo nyumba yao ndiyo nyumba kubwa, ingawa mimi nimemzidi miaka sita na vitabu mia tatu. Alikuwa dalali wa mnada. Hata akiomba chumvi mezani unahisi kuna mtu mwingine ataipata kabla yako.

Akanikumbusha kwamba tarehe 30 wakwe wanaleta mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao kupokewa na mmoja kuliwa, msichana wa Kikamba hajaolewa, hata akiwa na vyeti vya kanisani vya kujaza kabati. Msemaji wetu siku hiyo nilikuwa mimi. Sasa wakwe wanasubiri kuona gobori. Wasipoliona watasema Ndanu ametoka kwa waongo. Kwa hiyo, alisema Mutie, ukoo umekaa na kuamua: gobori likionekana, Kitavi, yaani mimi, atasema. Lisipoonekana, Mutie atasimama, aombe radhi kwa niaba ya mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumcheza, na aendelee yeye.

Nikauliza ukoo ulikaa lini. Akasema jana. Nikauliza ulikaa wapi. Kwake. Wangapi? Yeye na mkewe.

Simpi! Ndanu nilimlea mimi na marehemu Munyiva tangu Nzisa binti yetu alipofariki, mtoto akiwa na miaka sita. Nilimsuka nywele mimi, vibaya, miezi minne, Munyiva alipokuwa amelazwa. Eti leo mtu aliyezoea kuuza majokofu mabovu ndiye amuulize kama anakubali kuolewa.

Lazima gobori lipatikane.

Ijumaa, 8 Agosti

Parklands, kwa Hasmukh. Zamani alitengeneza saa za kiwanda cha uchapaji nilikokuwa nasahihisha prufu. Nilikumbuka kwamba mwanawe aliye ng'ambo alimtumia, miaka kumi iliyopita, sanduku la kujiundia bunduki ya kale ya mapambo. Halikufunguliwa kamwe. Mikono ilianza kumtetemeka.

Liko! Vipande hamsini na vitatu. Mtutu, kitako cha mti mweupe kilichochongwa nusu, mtambo wa kupiga jiwe, misumari ya shaba, skurubu, na mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia baruti. Hasmukh alinionya mara tatu. Mtutu ni chuma kitupu. Umetobolewa mdomoni kina cha kidole kimoja tu, kwa sura. Haujawahi kulia na hautalia. Cheti cha kiwanda kinasema hivyo.

"Kitavibhai, hii ni bubu tangu kuzaliwa."

Nikasema bubu ndiye ninayemtaka. Tumebadilishana: yeye amechukua ensaiklopidia yangu, juzuu kumi na moja kati ya kumi na mbili. Yeye ana macho mazima na mikono mibovu. Mimi nina mikono mizima na mtoto wa jicho. Tungekuwa mtu mmoja, gobori lingekwisha wiki hii.

Jumatatu, 11 Agosti

Mimi ni mtu wa kufuata sheria, hata katika udanganyifu. Nimelipeleka sanduku kituo cha polisi kulitangaza. Koplo Namalwa, mama mpole mwenye miwani, alipanga vipande vyote juu ya kaunta. Akasoma cheti. Akaingiza kalamu mdomoni mwa mtutu, ikakwama. Akaita wenzake waje kuona.

"Mzee, hii kitu haiwezi tisha hata kuku."

Nikamwomba aandike hivyo kitabuni, maneno hayo hayo. Ameandika. Akaniagiza nikilibeba nilifunge, na nisimwelekezee mtu, maana watu hawasomi vyeti wakikimbia. Aliporudisha vipande sandukuni nilihesabu hamsini na viwili. Kumbe jiwe la gumegume lilikuwa halipo tangu mwanzo. Hasmukh anadhani alikandamizia nalo risiti enzi fulani.

Njiani nimeokota jiwe la mtoni kwenye lundo la kokoto. Linafanana. Kwa umbali.

Alhamisi, 14 Agosti

Kazi imeanza. Meza ya kulia sasa ni karakana.

Kitabu cha maelekezo kinasema mtutu lazima ukae ndani ya kitako kama mtoto mgongoni: pasipo nafasi, pasipo kubana. Unapaka chuma masizi, unakikandamiza kwenye mti, unakitoa. Palipoacha doa jeusi ndipo panapozuia. Unakwangua kidogo. Unapaka tena. Mara mia, kinasema kitabu. Mimi na jicho langu, doa jeusi silioni. Nikahitaji rangi inayong'aa. Ndanu ana rangi ya mdomo, nyekundu sana, ya siku ya sherehe.

Inafanya kazi ajabu! Nimekwangua kutoka saa tatu hadi saa kumi, na zile saa sikuziona zikipita. Marehemu baba alikuwa akichonga mizinga ya nyuki hivi hivi, kimya, ulimi umetoka kidogo. Sikujua kwamba nami natoa ulimi.

Ndanu amerudi kutoka kazini. Akaiona rangi yake imebaki kisiki. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kama kuna mgeni wa kike ambaye angependa kutambulishwa kwake. Nikasema ni mambo ya useremala. Akasema, kwa lile neno letu la babu, "Umau, hiyo rangi ilikuwa inaitwa Mapenzi ya Milele. Umeimaliza kwa ubao."

Ijumaa, 15 Agosti

Mtambo. Ndani yake kuna springi nene iliyopinda kama kiwiko. Kitabu kinasema ibanwe kwa kibano maalumu. Sina. Nilitumia koleo ya kuepulia sufuria.

Springi iliruka. Niliisikia ikigonga dari, kabati, kisha kitu chenye maji. Nilitafuta chini ya viti vyote mpaka Ken alipobisha hodi. Ndanu alikuwa amemwalika kula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharage. Tukala. Ken alikula polepole sana, shavu moja limejaa, akijibu maswali yote kwa "mm". Nikamwonea huruma, nikadhani ni jino. Ndanu alipokwenda jikoni kuleta chai, Ken alijifuta mdomo kwa kitambaa, akakinyoosha chini ya meza mpaka kikagusa goti langu.

"Guka, nafikiri hii ni yako." Guka ndiyo babu kwao Wakikuyu.

Springi! Alikuwa ameishika shavuni nusu saa ili asimwaibishe mpishi. Nikalazimika kumweleza yote. Akanywa maji. Akasema nyumbani kwao wameshaanza kuwaalika watu waje kuliona gobori. Nyanya yake, Cucu Waceke, amepima macho upya kwa ajili hiyo. Nikamuuliza kama atasema. Akasema hakuna alichoona, ila ladha ya chuma.

Kijana mzuri. Inasikitisha kwamba nalazimika kuwadanganya wazazi wake.

Jumanne, 19 Agosti

Mtutu unang'aa kama kijiko cha hoteli. Msafara gani huo! Kitabu kinataka upakwe maji ya chumvi, uachwe penye unyevu uote kutu, kutu isuguliwe, upakwe tena, mpaka uwe wa kahawia kama karanga iliyokaangwa. Agosti ya Waithaka imekuja na unyevu wake bila kuombwa. Nimeutundika bafuni. Ndanu, akidhani ni bomba limeoza, ameita fundi wa bomba kabla sijaeleza.

Kitako nacho kimenishinda. Nilipofika sehemu ya kuwekwa begani, patasi ilifuata njia yake yenyewe na kung'oa kibanzi. Nimekigundisha. Nikikodoa naona mstari. Na Mutie hukodoa.

Mutie amepita; alikuwa njiani tu, alisema. Kutoka kwake Dagoretti Corner hadi kwangu hakuna njia ya kwenda popote pengine. Amevaa kofia mpya. Akauliza kama naendelea vizuri na maandalizi ya kunyamaza.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepata dawa. Mulwa!

Mulwa ni mchongaji, mtu wa Wamunyu, kwetu Ukambani, anafanya kazi nyuma ya mafundi wa samani kwenye Ngong Road. Miaka arobaini anachonga vinyago vya watalii. Mikono yake haikosei. Nimempelekea kitako nikamwomba asawazishe, azibe ufa, kisha akifanye kizee. Kionekane kitu kilichopita mikononi mwa wengi.

Akakipima kwa kiganja, akacheka. Kufanya kipya kionekane cha kale ndiyo kazi iliyomsomeshea watoto, alisema. Nisimfundishe. Nirudi Jumatatu.

Nimelala mchana kwa raha. Mara ya kwanza tangu tarehe tatu.

Jumatatu, 25 Agosti

Ee Mungu wangu.

Kwanza niandike mazuri. Ufa hauonekani. Mti umelainika kama shavu la mtoto. Umepakwa rangi ya viatu, nyeusi, ukasuguliwa mpaka ukapata ule weusi wa vitu vilivyoshikwa na waliokufa. Nilikaribia kulia.

Kisha nikakigeuza upande wa pili. Twiga. Amechongwa kitakoni, shingo ikifuata ukingo, miguu mitatu kwa sababu wa nne haukupata nafasi. Nikakigeuza chini. Hapo, pale begani panapokaa, kwa herufi kubwa zilizopangwa vizuri: KENYA.

Nilimuuliza Mulwa hii ni nini. Akatazama. Akashtuka kikweli. Akasema mkono umejiandikia wenyewe. Kila kitu alichochonga tangu ujana, kifaru, sahani ya matunda, kitana cha nywele, mwisho hukipindua na kuandika hivyo. Watalii hawanunui bila. Hakukumbuka hata kuandika. Twiga je? Twiga alimkumbuka. Twiga ni zawadi, kwa sababu bi harusi ni wa kwetu.

Gobori la msafara wa pembe! La miaka ambayo nchi hii haikuwa na jina hilo kwenye karatasi yoyote! Nikamwambia afute. Akagonga kwa ukucha, akasikiliza: mti hapo umebaki mwembamba, akikwangua tena tutatokea upande wa twiga.

Zimebaki siku tano.

Jumatano, 27 Agosti

Mjini, maktaba. Nilikwenda kujificha tu, kama wengine wanavyokwenda baa. Nikaitisha vitabu vya safari za kale ili niteseke kwa utaratibu.

Na ukurasa wa kwanza nilioufungua! Wageni waliuliza jina la ule mlima mweupe wakiwa Ukambani, na aliyewajibu ni Mkamba. Alisema Kiinyaa. Wao wakaandika walivyoweza, na jina la mlima likaja kuwa la nchi. Nililijua hilo tangu shule, lakini sikuwa nimewahi kulihitaji.

Basi KENYA si kosa. KENYA ni ushahidi! Babu yangu alikuwa akiuona mlima kila asubuhi ya safari. Akamwonyesha mgeni. Mgeni akamwandikia jina kwenye karatasi, naye akalichonga kwenye gobori lake asilisahau. Gobori langu lina jina la nchi kabla ya nchi.

Nilipiga meza. Msichana wa maktaba akaniomba nitoke au nitulie. Nikatulia. Nikaandika hotuba kurasa nne. Nimeisoma kwa Munyiva, yaani kwa picha yake, na hakupinga.

Ijumaa, 29 Agosti

Limekamilika. Vipande hamsini na viwili na jiwe moja la kokoto. Limelazwa juu ya leso ya Munyiva.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kuusikia. Ni zuri. Mtutu kahawia, shaba imefifia, mtambo unavutwa na kurudi kwa mlio mnene. Nimeketi nalo magotini mchana mzima. Baba hakuniachia kitu cha kushika. Maji yalikuja tukatoka na magodoro na mbuzi wawili. Nikilishika hili nasahau kwamba niliona sanduku lake.

Ndanu amekaa kando yangu. Ken hakumwambia, amegundua mwenyewe, alisema, tangu siku ya rangi ya mdomo. Akasema gobori hana haja nalo, anataka tu kesho nimuulize mimi lile swali. Nikasema ndiyo maana ya gobori. Akasema, "Umau, si ungesema tu hatuna." Vijana hawaelewi mambo ya ukoo.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika jioni. Nitafuata mpangilio.

Saa nne. Wakwe wanawasili kwa miguu, maana ni dakika sita, lakini walichukua saa nzima: mbuzi mmoja alikataa kupita mbele ya bucha. Nyimbo langoni. Wanawake wetu wanawazuia, wao wanaimba zaidi. Ua wa nyumba ya kupanga haujawahi kubeba watu wengi hivyo. Mpangaji wa pili alianua nguo zake akabaki kutazama.

Saa sita. Mutie anasimama kabla sijasimama. Anatangaza kwamba Mzee Kitavi ana kitu cha kuonyesha, kama bado anakumbuka alikiweka wapi. Kicheko. Nikaleta leso. Nikaifungua.

Kicheko kikaisha.

Nitaikumbuka dakika hiyo. Wainaina alivua kofia. Wanaume wakalisogelea mikono nyuma, kama wanaotazama maiti ya mtu mkubwa. Mutie alikuwa ameacha mdomo wazi. Nikatamani ningeishia hapo, nife hapo.

Cucu Waceke, miaka themanini na minane, macho mapya kabisa, akaomba apewe. Akaliweka mapajani. Akapapasa twiga.

"Haiya. Huyu ako na miguu tatu."

Nikasema ni alama ya ukoo. Akalipindua. Akasoma. Akasoma tena kwa sauti, herufi moja moja, watu wote wakisikia. Kisha akaniuliza kwa heshima kama babu yangu alikuwa na kibanda cha kuuza vinyago.

Nikatoa hotuba. Kurasa nne! Mlima, mgeni, Kiinyaa, karatasi. Nilipofika kwamba jina la nchi hii lilitoka mdomoni mwa Mkamba, Wainaina alivaa kofia tena.

Akasema, kwa adabu, kwamba mlima ni wao. Mungu wao anakaa pale. Wanauita Kirinyaga tangu kabla ya watu fulani kujifunza kutembea na mizigo ya wengine kichwani.

Nikasema hatubishi nani aliukalia. Tunasema nani aliutangaza.

Cucu Waceke akasema, "Nyinyi mliuona mkiwa mbali, mkakosea jina, na sasa mnajisifu."

Hapo uwanja ukawaka. Wazee wetu walisimama, wao wakasimama. Shangazi mmoja akasema Wakikuyu hawawezi kutaja jina la kitu bila kukiwekea ua kwanza. Akajibiwa kwamba ua ni kwa ajili ya jirani wanaoroga mbuzi. Mbuzi walilia. Ken na Ndanu walishikana mikono mlangoni, wakiangalia ndoa yao ikipotelea kileleni mwa mlima. Nikaona nilichofanya. Nikafungua mdomo nikiri. Naapa nilifungua.

Na Mutie akapanda juu ya kiti.

Kwa ile sauti yake ya mnada alisema hatavumilia ukoo wake kuitwa wachuuzi wa vinyago. Kwamba gobori hili analijua. Kwamba akiwa na miaka saba alichapwa kofi kwa kuligusa, shavu hili hapa, na alikumbuka twiga, na alikumbuka hata miguu kuwa mitatu! Nani atamwambia yeye ni mwongo?

Mutie, mtu aliyekuja kunizika! Mlima ulikuwa umemgusa. Wainaina akalainika. Akasema mtu akikumbuka kofi, huyo hasemi uongo. Cucu Waceke akasema lazima iwe kweli, maana hakuna mtu angebuni kitu cha kipumbavu namna hiyo. Wakacheka, wakaketi. Nilitaka kumkumbatia binamu yangu.

Lakini Mutie hakuwa amemaliza. Akasema kofi hilo alichapwa nyumbani kwa baba yake, kwani gobori lilikaa nyumba kubwa, kama desturi inavyotaka. Baadaye baba yake Kitavi aliliazima. Miaka sitini sasa. Leo, mbele ya wakwe kama mashahidi, limerudi kwa mwenyewe.

Akashuka. Akaliinua kutoka mapajani mwa Cucu. Akanitazama. Jicho moja likafumba na kufumbuka.

Ningesema nini? Nikisema Mutie anadanganya, hakuna gobori. Nikinyamaza, gobori ni lake. Nikanyamaza. Na kwa kuwa ukoo, yaani yeye, sasa uliona mwenye gobori ndiye msemaji, Mutie akaliweka begani, akamgeukia Ndanu na kumuuliza mbele ya watu kama mbuzi wa Wainaina wapokewe. Swali liliulizwa kama bei ya mwisho. Moja, mbili.

Ndanu alinyamaza. Mutie akauliza tena. Ndanu akatazama chini, mikono nyuma. Wainaina akaanza kufuta jasho. Mara ya tatu Ndanu akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ua wote ulisikia:

"Nitamjibu aliyenisuka nywele."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeelewa ila mimi. Nikasimama. Hotuba nilikuwa nayo mfukoni, kurasa nyingine mbili nilizoweka akiba. Sikuitoa. Nikasema tu, "Ndanu, tuwapokee?"

"Wapokeeni, Umau."

Vigelegele. Mbuzi akachinjwa, tukala, wote, hata mpangaji wa pili.

Jumapili, 31 Agosti

Mutie amelitundika sebuleni kwake, juu ya televisheni. Baada ya ibada watu walipanga foleni. Anasimulia kwamba babu aliua simba nalo. Simba! Na gobori bubu! Nilimrekebisha mbele ya wageni, nikasema alikuwa chui. Akakubali haraka sana. Sasa ni simba na chui.

Nyumba imekuwa kimya. Meza ya kulia ina mikwaruzo thelathini na doa jekundu.

Alhamisi, 4 Septemba

Wainaina amekuja peke yake, na kikapu cha avokado. Alitaka kunipa pole. Alisema alinionea uchungu Jumamosi. Mtu kunyang'anywa kitu cha babake mbele ya wageni, na akanyamaza kwa ajili ya amani. Alisema hajaona utu kama huo. Alisema Ken amepata babu. Kisha akasema nisihangaike tena na habari za urithi: Ndanu wanayemchukua anatosha, na siku ikifika, mimi mwenyewe nikitaka kulala chini ya mwavokado wao, nafasi ipo, wameshazungumza nyumbani.

Nilitazama avokado. Miaka arobaini na tisa hakuna aliyewahi kunipa ardhi, hata ya ukubwa huo.

Nilipaswa kusema asante. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema asante. Kisha akaniuliza, kwa kunifariji tu, kama katika vitu vya babu kuna chochote kilichobaki.

Nikasema darubini.

Ya shaba. Ya mikunjo mitatu. Ndiyo aliyouonea mlima. Nimesema iko kwa rafiki mjini, inasafishwa kioo. Wainaina aliruka kitini kwa furaha. Wanakuja kuiona Jumapili ya tarehe 14, wote, Cucu Waceke akiwa mbele.

Haidhuru. Fundi wa bomba ana vipande vitatu vya shaba vinavyoingiana, nimeviona kwa macho yangu. Miwani ya zamani ninayo. Kazi ya siku nne, tano ikizidi. Naanza kesho saa tatu.